Kumlisha Anayeacha Mairungi: Rudisha Saa za Kula Kwanza

Mtafunaji wa mairungi (miraa) halali njaa kwa sababu nyumbani hakuna posho (ugali wa mahindi). Analala njaa kwa sababu kuanzia saa tisa alasiri, shavu likishajaa majani, tumbo hunyamaza na halisemi tena hadi kesho yake. Anaamka saa tano asubuhi kinywa kikavu, anatafuta chai ya rangi yenye sukari nyingi, na kabla mlo wa kweli haujafika, saa tisa imerudi. Ukimwona amekonda, usidhani ni umaskini tu. Ratiba yake ya kula imefutwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na saa, kisha ndipo uingie sokoni. Familia nyingi hufanya kinyume: zinanunua asali, mbegu, chupa za dawa ya "kusafisha damu", na mgonjwa bado anakula mara moja kwa siku. Mtu anayekula posho na maharage mara tatu kwa saa zilezile kila siku atapona mwili haraka kuliko anayekula kuku wa kuchoma siku ya Jumamosi peke yake.

Nimeandika zaidi juu ya mairungi kwa kuwa ndiyo tunayoyaona kila siku hapa Uganda: Kisenyi, Bombo, Arua na kwenye foleni za malori mpakani Malaba. Anayeacha kokeini au ile methamfetamini wanayoiita "ice" anaweza kuufuata mwongozo huuhuu, ila kwake siku za kwanza huwa nzito zaidi, na nitazitaja.

Kinachotokea mwilini

Majani mabichi ya mairungi yana kathinoni, kemikali inayofanana kikazi na amfetamini. Inausukuma ubongo umwage kemikali zake za raha na msisimko, dopamini na noradrenalini, kwa wingi: usingizi unakimbia, maneno yanakuja, moyo unakwenda mbio, njaa inafungwa. Wakati huohuo tanini zilizomo kwenye majani hukausha kinywa na kufunga choo. Mtu akiongeza soda tamu ili kupunguza uchungu wa majani, meno nayo yanaoza.

Akiacha, ubongo unabaki na upungufu kwa muda. Kwa mairungi mara nyingi dalili si kali sana: uchovu, hasira za haraka, ndoto mbaya, mikono kutetemeka kidogo, huzuni. Kwa kokeini na methamfetamini mtu anaweza kulala siku nzima au mbili, akaamka na njaa ya kutisha, kisha akaingia kwenye huzuni nzito. Ubongo hujirudi, lakini kwa miezi, hasa baada ya methamfetamini.

Chakula hakitibu uraibu. Nalisema mapema ili pasiwe na mtu wa kukuuzia uji kama dawa. Hata vidonge vya kuondoa uraibu wa vichangamshi havijaidhinishwa bado. Tiba inayotegemewa ni ushauri nasaha, watu wa karibu na muda. Chakula kinafanya kazi mbili za pembeni, nazo ni kubwa: kinaujenga upya mwili uliochakaa, na kinazuia njaa isijifanye hamu ya kutafuna. Hiyo ya pili wengi hawaijui. Sukari ya damu ikishuka mtu anatetemeka, anakasirika, hawezi kutulia, na ubongo wake unakumbuka dawa moja tu ya hali hiyo.

Hatua ya kwanza: nani aanzie hospitali, si jikoni

Kama mtu hajala chochote cha maana kwa siku zaidi ya 5, au amepungua sana hadi mbavu na mifupa ya mabega inaonekana, usimjazie sahani. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi kwa ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka haraka kwenye damu, na moyo unaweza kuvurugika hadi kuua. Huyu apelekwe kituo cha afya apimwe uzito, mzingo wa mkono na damu, aanzishiwe vitamini B1, na alishwe kidogo kidogo chini ya macho ya mhudumu. Kadiri siku za njaa zinavyoongezeka, hatari inaongezeka. Akifika siku 10 usijaribu kabisa nyumbani.

Wa pili ni yule aliyekuwa anakunywa waragi (pombe kali) kila siku ili "kushusha" mairungi apate usingizi. Huyu asikatishe pombe ghafla bila daktari, kwa sababu kuacha pombe kwa ghafla kunaweza kuleta degedege. Wa tatu ni anayesema hataki kuishi, anayesikia sauti, au anayeamini kwamba watu wanamfuata. Hapo usingoje. Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili na ina huduma ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Walio mbali na Kampala waanzie kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa wao, kama Arua, Mbale au Fort Portal. Ada za wagonjwa katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, ingawa wadi za kulipia zipo, na nauli na dawa za kununua nje bado ni mzigo wako.

Siku tatu za mwanzo: maji, chumvi, chakula laini

Mwache alale, lakini usimwache alale bila kunywa. Kila anapoamka apewe kikombe. Lengo ni lita 2 hivi kwa siku, na mkojo uwe wa njano hafifu. Kama ametapika au ameharisha, changanya pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Ukikosa pakiti, weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita hiyo, vijiko vya kusawazisha, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari.

Kinywa cha mtafunaji mara nyingi kina vidonda ndani ya mashavu na fizi zinazouma. Usimpe mihogo ya kukaanga halafu useme anaringa. Mpe uji wa wimbi wenye maziwa, viazi vitamu vya kuponda, katogo (mchanganyiko wa chungu kimoja) ya matoke iliyoiva hadi kulainika, supu ya samaki, parachichi. Weka pilipili na limau kando hadi vidonda vifunge. Awamu ndogo ndogo kila baada ya saa tatu zinaingia kirahisi kuliko sahani moja ya mlima.

Akisema hataki, usibishane naye. "Vijiko vitano tu, mwanangu, halafu lala," inatosha. Mara nyingi cha sita anakichukua mwenyewe.

Saa za kula

Kuanzia siku ya nne hivi, ratiba ianze, na ianze hata kama hamu haipo. Hamu ya mtu huyu ni saa iliyoharibika betri. Haimwambii ukweli kwa wiki kadhaa. Anakula kwa sababu muda umefika.

Saa moja asubuhi: uji wa wimbi na maziwa, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha au kiazi kitamu. Chai iwepo kama anaitaka, ila uji utangulie. Saa nne: bogoya (ndizi mbivu) na karanga za kukaanga kavu, kiasi cha kiganja. Saa saba: mlo mkubwa wa siku, posho na maharage na mboga za majani kama dodo au nakati, pamoja na robo ya parachichi. Saa moja jioni, si zaidi ya saa mbili: matoke au kalo (ugali wa wimbi) kwa binyebwa (mchuzi wa karanga), na mukene (dagaa wakavu) ndani yake. Kabla ya kulala kikombe cha maziwa ya moto au mtindi.

Nimeiruka saa tisa makusudi, kwa sababu inahitaji maneno yake. Hiyo ndiyo saa ya barza, saa ambayo wenzake wanakaa, fungu linafunguliwa, simu inaita. Familia inayolisha vizuri asubuhi ikalala alasiri itampoteza hapohapo. Kati ya saa nane na nusu na saa kumi awe na kitu cha kutafuna, na nasema kutafuna kwa maana yake, kwa kuwa mdomo wenyewe umezoea kazi. Miwa inafaa kwa siku moja moja, lakini sukari yake ni nyingi kwa meno mabovu. Bora zaidi ni mahindi ya kuchemsha, karoti mbichi, vipande vya nazi kwa anayevipata, mbegu za maboga zilizokaangwa, simsim (ufuta). Fenesi nalo ni kazi ya nusu saa, mikono imejaa utomvu, hakuna anayeshika simu. Msimu wa nsenene, yaani panzi wa kuliwa, ukifika, hasa Novemba, mpe bakuli la nsenene za kukaanga: protini, mafuta na mlio wa meno kwa pamoja. Sijui chakula kingine cha saa tisa kinachoishinda hiyo.

Rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, nayo ina nafasi hapa, na sioni aibu kuisema. Wanaojiita wataalamu wa lishe huidharau kwa sababu ya mafuta. Lakini kwa kijana aliyekonda, mayai mawili, nyanya, kabichi na kitunguu ndani ya chapati moja ni mlo uliokamilika, unapatikana kila kona, na unamchukua dakika kumi kusimama kwa mchomaji badala ya kusimama kwa muuza majani. Achague mchomaji ambaye hayuko karibu na kijiwe.

Protini, na hesabu yake

Ubongo hutengeneza dopamini kutokana na tairosini, na serotonini kutokana na triptofani. Zote mbili zinatoka kwenye protini ya chakula. Haina maana kwamba ukila yai asubuhi furaha itakuja mchana. Ina maana kwamba mwili usio na protini hauna hata malighafi. Mtu mzima mwenye afya anahitaji gramu 0.8 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa aliyekonda na anayejijenga upya, lenga gramu 1.2. Mwenye kilo 60 atafute gramu 72.

Zinatoka wapi bila nyama? Mayai mawili yana gramu 12. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, kimoja mchana na kimoja jioni, ni kama 30. Vijiko vitatu vikubwa vya mukene wa kusaga, 12 hivi. Kiganja cha karanga, 7. Kikombe cha maziwa, 8. Tayari uko karibu na 70, na posho au kalo yenyewe inamalizia. Hakuna kuku hapo, hakuna poda ya kopo kutoka dukani.

Mukene ndio ninaousifu kuliko vyote. Unaliwa mzima, mifupa na kichwa, kwa hiyo unaleta kalsiamu, chuma na zinki pamoja na protini. Nunua uliokaushwa juu ya vichanja, si ule wa kuanikwa mchangani. Utajua ukiuonja, mchanga unasikika kwenye meno. Osha kwa maji ya moto, kausha, kaanga bila mafuta, saga. Unga huo unaingia kwenye binyebwa, maharage, hata uji, na asiyependa harufu hatautambua kwenye karanga. Wa upande wa Ziwa Albert wana muziri, unafanya kazi ileile. Wa Nile Magharibi wana angara (samaki mkavu), na enyasa (ugali wa huko) yenye angara na mboga ni sahani ambayo haihitaji ushauri wangu.

Kuhusu karanga, tahadhari moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu usizisage hata kama ni za bei rahisi. Hubeba sumukuvu inayoumiza ini. Kwa unga wa karanga uliosagwa tayari huwezi kuona kilichoingia, hivyo nunua nzima, chambua mwenyewe, kisha peleka kinuni au mashineni.

Damu, choo na usingizi

Mtafunaji wa muda mrefu anayekula vibaya anaweza kuwa na upungufu wa chuma, na kosa la kawaida ni kula maharage na kuyasukuma kwa chai. Tanini za chai hukamata chuma kisifyonzwe. Chai isogee saa moja au zaidi baada ya mlo. Mahali pake weka kitu chenye vitamini C: juisi ya pasheni bila sukari ya kumwaga, chungwa, pera, au nyanya mbichi na kachumbari. Ini mara moja kwa wiki linasaidia sana. Vidonge vya chuma visubiri kipimo cha damu.

Choo kilichofungwa kinatibiwa na papai asubuhi, viazi vitamu pamoja na ganda lake, maharage, maji, na kutembea. Viazi vya rangi ya chungwa vina faida ya ziada ya vitamini A. Kama amefanya mambo haya kwa wiki mbili na choo bado ni shida, au kuna damu, muone daktari.

Usingizi unaharibiwa na kafeini kuliko watu wanavyokubali. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa anayeacha vichangamshi, chai kali, kahawa na soda ziishe saa sita mchana. Vinywaji vya nguvu vya chupa, vile vinavyouzwa kwenye kila kibanda cha boda, viondoke kabisa: ni kichangamshi kingine chenye sukari, na mtu anakunywa vitatu akidhani ameacha. Waragi nao usiingie kama "kitulizo". Unaleta usingizi mbovu, unafuta hamu ya chakula asubuhi, na unamrudisha kijiweni.

Anayefanya kazi usiku

Askari wa lindo, boda wa usiku, dereva wa lori. Hawa ni wengi, na miongozo mingi inaandikwa kana kwamba kila mtu analala saa nne usiku. Wao hawakuanza mairungi kwa starehe. Walianza ili wasilale kazini. Ukimwambia aache bila kumjibu swali la usingizi, umemwambia apoteze kazi.

Kama mwajiri anakubali, aombe zamu ya mchana kwa mwezi wa kwanza. Kama haiwezekani, geuza ratiba nzima. Mlo mkubwa aule kabla ya kuingia kazini, saa kumi na mbili jioni: matoke, maharage, mboga. Kikombe kimoja cha chai au kahawa mwanzoni mwa zamu, basi. Saa sita usiku afungue kibakuli chepesi: mayai mawili, bogoya, kiazi kitamu kilichopoa. Wanga mzito saa hiyo utamlaza, kwa hiyo posho ikae. Saa tisa usiku, saa mbaya kuliko zote kwa usingizi, karanga au mbegu za maboga na maji baridi, na atembee. Asubuhi ale uji, alale chumba chenye giza, na hapa familia ina kazi: hakuna kumwamsha saa nne akachote maji. Aliyelala mchana kwa muda wa saa tatu tu hakuna chakula kitakachomweka macho usiku.

Dereva anasinzia barabarani? Aegeshe, alale dakika ishirini. Foleni ya Malaba haitakimbia, na kwenye foleni hiyo aagize chakula kwa mama wa kibanda mapema, kabla muuza mairungi hajapita dirishani.

Soko na pesa

Nenda sokoni asubuhi, wewe au pamoja naye, kwa njia isiyopita kijiweni. Soko la Kalerwe lina bei za kuweza kwa wa Kampala. Kwingine soko la siku ya mnada. Siku ya mshahara au siku boda anapofunga hesabu, pesa ya chakula itoke kwanza, ikiwezekana itumwe kwa simu moja kwa moja kwa anayepika. Nunua vya kukaa: maharage, unga wa wimbi, karanga, mukene, simsim, mchele kidogo. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji hayo. Gesi tumboni inapungua, na makaa kwenye sigiri yanapungua pia.

Kula pamoja naye. Nyumba za Wanubi na Wasomali zina sinia, na sinia inafanya kazi ambayo sahani haiwezi: anayekula polepole haonekani, na hakuna anayehesabu matonge yake.

Mwezi wa Ramadhani una ugumu wake, kwa kuwa wengi hutafuna baada ya futari hadi daku. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kutofunga na kulipa siku baadaye. Aliyekonda sana azungumze na mhudumu wa afya na sheikh wake kabla ya mwezi kuingia. Anayefunga, afuturu kwa tende na uji, ale mlo kamili baada ya Magharibi, na muda wa baada ya Tarawehe uwe na mtu na chakula, si peke yake.

Kupima kama kazi inaenda

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, kwenye mizani ileile ya duka la dawa. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kwa aliyekonda ni mwendo mzuri. Hamu ya vitu vitamu itapanda sana katika wiki za mwanzo. Ijibu kwa ndizi sukari, nanasi na embe kabla ya mandazi, na baada ya miezi miwili, uzito ukishafika pazuri, punguza awamu za katikati zibaki mbili.

Uzito usipopanda baada ya mwezi ilhali unajua kweli anakula, usiongeze chakula tu. Mpeleke apimwe minyoo, kifua kikuu, VVU, kisukari na tezi ya shingo (thairoidi). Akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au jasho la usiku, kipimo cha kifua kikuu kisingoje mwezi huo uishe.